Anton Julius Carlson

Anton Julius Carlson (29 Januari 1875 – 2 Septemba 1956) alikuwa mwanafiziolojia wa Marekani mzaliwa wa Uswidi. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago kuanzia mwaka 1904 hadi alipostaafu mwaka 1940. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu njaa: inaanzia wapi mwilini, kwa nini huja na kuondoka, na mnyama anahitaji kula mara ngapi ili akue na kuishi vizuri. Mwaka 1946, pamoja na Frederick Hoelzel, alitoa taarifa ya jaribio ambalo panya walinyimwa chakula siku moja baada ya siku kadhaa kwa maisha yao yote. Jaribio hilo ni kati ya yale ya kwanza kuonyesha kwamba mpangilio wa siku za kula unaweza kubadilisha urefu wa maisha ya mnyama bila kudumaza sana ukuaji wake.

Maisha ya awali

Carlson alizaliwa Svarteborg, katika mkoa wa Bohuslän, magharibi mwa Uswidi. Familia yake ilikuwa ya wakulima wasio na mali, naye akiwa bado mtoto mdogo alifanya kazi ya kuchunga mifugo. Mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 16, alihamia Marekani na kufika Chicago, ambako alijifunza useremala.

Useremala ulimpatia riziki, lakini alitaka kusoma. Alijiunga na Chuo cha Augustana mjini Rock Island, jimbo la Illinois, kilichoanzishwa na Walutheri wenye asili ya Uswidi. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1898 na shahada ya uzamili mwaka 1899. Baada ya hapo alihudumu kwa muda mfupi kama mchungaji wa Kilutheri katika jimbo la Montana. Huko alianza kuwa na mashaka juu ya mafundisho aliyopaswa kuyahubiri, akaacha uchungaji na kwenda Chuo Kikuu cha Stanford, California, kusomea fiziolojia. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1902 kwa utafiti kuhusu mwendo wa taarifa katika neva.

Utafiti wa moyo

Sifa yake ya kwanza ilitokana na mnyama wa baharini aitwaye Limulus, ambaye ana gamba gumu lenye umbo la kwato ya farasi. Wakati huo wataalamu walibishana kama pigo la moyo huanzia katika msuli wa moyo wenyewe au katika neva. Moyo wa Limulus ulifaa kumaliza ubishi huo kwa upande wa mnyama huyo, kwa sababu neva zake ziko juu ya moyo na zinaweza kutengwa na msuli. Carlson alizitenga, na moyo ukaacha kupiga. Hivyo alithibitisha kwamba katika Limulus pigo la moyo hutoka kwenye neva. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo, ikiwa ni pamoja na binadamu, ilidhihirika kwamba pigo huanzia katika tishu maalumu ya msuli wa moyo.

Kazi hiyo ilimpatia nafasi katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1904. Mwaka 1916 alipewa uongozi wa idara ya fiziolojia, akaushika hadi kustaafu.

Mbwa wenye mimba na kongosho

Mnamo mwaka 1911 Carlson na mwenzake walichunguza mbwa wenye mimba waliokaribia kuzaa. Ilijulikana tayari kwamba mbwa akiondolewa kongosho hupata kisukari kikali na sukari huonekana katika mkojo wake. Mbwa hao waliondolewa kongosho, lakini dalili hazikutokea kama kawaida mpaka walipozaa. Carlson alieleza kwamba kongosho za watoto walio tumboni zilikuwa zimekomaa vya kutosha kutoa kemikali iliyomsaidia mama.

Hiyo ilikuwa takriban miaka kumi kabla ya insulini kugunduliwa mjini Toronto, Kanada. Baadaye maelezo yake yalipingwa, kwa kuwa insulini hupita kwa shida katika kondo la nyuma, na watoto walio tumboni wenyewe hutumia sukari nyingi ya damu ya mama. Hata hivyo, jaribio lilivuta macho ya wataalamu kwenye swali muhimu: kiungo cha mtoto kinaanza kufanya kazi lini?

Utafiti wa njaa

Takriban mwaka 1911 Carlson alianza kuchunguza tumbo lenye njaa. Alimpata mwanamume ambaye umio wake ulikuwa umeziba tangu utotoni kwa sababu ya kumeza dawa kali. Mtu huyo aliishi kwa kulishwa kupitia tundu lililofunguliwa kwenye tumbo kwa upasuaji, naye kwa mambo mengine alikuwa na afya njema. Kupitia tundu hilo Carlson aliweza kuingiza puto dogo la mpira lililounganishwa na mrija. Kila tumbo lilipojikaza, puto lilibanwa na kalamu ikachora mstari kwenye karatasi iliyozunguka. Wakati huohuo mtu huyo alieleza anavyohisi.

Katika chuo kikuu cha Harvard, Walter Cannon na Arthur Washburn walikuwa wamechapisha mwaka 1912 kwamba maumivu ya njaa hutokea pamoja na mikazo ya tumbo. Carlson aliendeleza jambo hilo kwa vipimo vingi zaidi, kwa watu na kwa mbwa. Aliona kwamba tumbo tupu halijikazi mfululizo: hujikaza kwa kipindi, hutulia, kisha huanza tena. Kuonja au kutafuna chakula kizuri hutuliza mikazo hiyo hata kabla chakula hakijameza. Kuvuta sigara pia huituliza. Hata tumbo la mbwa lililokatwa neva zinazotoka kwenye ubongo na uti wa mgongo liliendelea kujikaza, ishara kwamba lina uwezo wake lenyewe wa kufanya hivyo.

Carlson hakukubali kuwatumia wengine tu. Yeye na msaidizi wake walikaa siku tano bila kula, huku matumbo yao yakipimwa. Mikazo iliendelea hadi mwisho, lakini hisia ya njaa ilipungua katika siku za mwisho za mfungo. Kwa hiyo tumbo na hisia havikwenda sambamba wakati wote.

Mwaka 1916 alikusanya matokeo haya katika kitabu kuhusu udhibiti wa njaa katika afya na ugonjwa. Kitabu hicho kilisomwa kwa miaka mingi na wanafunzi wa udaktari na wa elimu ya lishe. Majaribio yaliyofuata yaligusa damu: damu ya mbwa mwenye njaa kali ilipotiwa katika mbwa aliyeshiba, mikazo ya tumbo la mbwa huyo iliongezeka. Mwaka 1924 Carlson na mwenzake walionyesha kwamba insulini, inaposhusha sukari ya damu, huongeza mikazo, na kwamba sukari ikiingizwa kwenye mshipa huituliza.

Njaa ya watoto wachanga

Sehemu ya utafiti huo ilihusu umri. Carlson na wanafunzi wake walipima matumbo ya watoto wachanga wa binadamu, wakiwemo waliozaliwa kabla ya wakati, na pia watoto wa mbwa. Walikuta mikazo ya njaa ipo hata kabla ya mtoto kunyonya kwa mara ya kwanza. Tumbo halingoji kufundishwa na chakula; huzaliwa tayari kwa kazi hiyo.

Jambo la pili lilikuwa muda. Katika mbwa wadogo vipindi vya mikazo vilikuwa vikali na vilifuatana kwa karibu, ilhali katika mbwa wazee muda wa utulivu ulikuwa mrefu zaidi. Yaani mnyama mchanga huitwa na tumbo lake mara nyingi kuliko mzee. Sababu zake zinaeleweka. Mnyama anayekua hutumia nishati nyingi kwa kila kilo ya uzito wake, tumbo lake ni dogo, na akiba yake ya mafuta na ya sukari katika ini ni ndogo. Mtoto anayelala njaa huanza kupungukiwa mapema kuliko mtu mzima anayekosa mlo uleule.

Chakula cha watoto baada ya vita

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Carlson alihudumu katika jeshi la Marekani kwenye kitengo cha afya, akishughulikia chakula cha askari. Vita vilipokwisha alishiriki katika shirika la misaada lililoongozwa na Herbert Hoover, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Shirika hilo lililisha watoto wenye njaa katika nchi nyingi za Ulaya zilizoharibiwa na vita.

Utaratibu wa shirika ulikuwa kuwapa watoto waliodhoofika mlo mmoja wa nyongeza kila siku, ambao kwa kawaida waliula palepale jikoni ili usigawanywe nyumbani. Kwa mtafiti aliyekuwa ametumia miaka kadhaa akipima tumbo lenye njaa kwa puto na kalamu, hapa njaa haikuwa tena ya hiari wala ya siku tano.

Frederick Hoelzel

Mtu aliyefanya kazi na Carlson kwa muda mrefu zaidi kuhusu chakula ni Frederick Hoelzel. Hoelzel alikuwa na matatizo ya tumbo tangu ujana, akaanza kujaribu mwenyewe vitu visivyomeng'enywa ili kujaza tumbo bila kula chakula. Katika maabara ya Chicago alimeza shanga za kioo, vipande vya madini, mbegu na vitu vingine, akapima vinachukua saa ngapi kupita mwilini. Pia alifunga kula mara nyingi kwa siku nyingi. Magazeti ya wakati huo yalimfanyia mzaha, lakini vipimo vyake vilichapishwa katika majarida ya fiziolojia.

Kwa pamoja walichunguza vilevile athari za aina ya chakula kwenye utumbo. Mwaka 1949 walichapisha utafiti kuhusu panya waliopata vifuko visivyo vya kawaida katika ukuta wa utumbo mpana, na uhusiano wa hali hiyo na chakula.

Jaribio la panya la mwaka 1946

Mwaka 1935, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Clive McCay na wenzake walikuwa wametangaza kwamba panya waliopewa chakula kidogo sana tangu walipoachishwa kunyonya waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Lakini panya hao walilipa gharama kubwa: walidumaa, na miili yao haikufikia ukubwa wa kawaida hata walipoongezewa chakula baadaye. Likabaki swali kama maisha yanaweza kurefushwa bila kuzuia ukuaji.

Carlson na Hoelzel walitumia njia nyingine. Hawakupunguza kipimo cha chakula cha kila siku. Walibadilisha siku za kula. Kuanzia umri wa siku 42, ambapo panya ameshaachishwa kunyonya lakini bado anakua, makundi ya panya yalifungishwa siku moja kati ya nne, siku moja kati ya tatu, au siku moja kati ya mbili. Siku nyingine walikula kadiri walivyotaka. Panya waliozaliwa pamoja kwa mama mmoja waligawanywa katika makundi tofauti ili kupunguza tofauti za urithi. Utaratibu huo uliendelea hadi kila panya alipokufa.

Matokeo yalikuwa haya:

- Kufunga siku moja kati ya tatu kulionekana kufaa zaidi. Kati ya panya waliozaliwa pamoja, madume waliofunga hivyo waliishi takriban asilimia 20 zaidi, na majike takriban asilimia 15 zaidi.
- Ukuaji haukuzuiwa kwa kiasi kikubwa.
- Uvimbe wa matiti kwa majike ulichelewa kukua, na ulichelewa zaidi kadiri siku za kufunga zilivyokuwa nyingi.
- Hali ya kila panya kabla ya jaribio kuanza, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya bahati, mara nyingi iliathiri urefu wa maisha kuliko idadi ya siku za kufunga.

Tokeo la mwisho husahaulika mara kwa mara katika masimulizi ya jaribio hili. Waandishi wenyewe waliliweka wazi katika taarifa yao, ingawa lilipunguza uzito wa ugunduzi wao.

Maana kwa ukuaji na viungo vya mwili

Jaribio la Chicago lilitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa: kiasi cha chakula na nafasi kati ya mlo na mlo. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba nafasi hiyo hubadilisha hata viungo. Panya aliyezoezwa kula kwa saa chache tu kwa siku hujifunza kula kingi kwa mara moja. Tumbo lake na utumbo wake mwembamba hukua, na tishu zake huongeza uwezo wa kugeuza chakula kuwa mafuta ya akiba. Mnyama anayekula kidogo kidogo mchana na usiku hahitaji mabadiliko hayo.

Kufunga nako hakugusi viungo vyote sawasawa. Ini na utumbo hupungua uzito haraka mnyama asipokula, kisha hurudi anapolishwa. Ubongo hulindwa kuliko viungo vingine. Ndiyo sababu uzito wa mwili peke yake hautoshi kueleza athari ya mpangilio wa milo. Inabidi kupima kila kiungo.

Matokeo ya panya hayawezi kuhamishwa moja kwa moja kwa watoto wa binadamu. Panya wa maabara huishi takriban miaka miwili hadi mitatu, hivyo siku moja bila chakula kwake ni sehemu kubwa ya maisha kuliko siku moja ya mtu. Tena panya wa Carlson walianza kufunga baada ya kuachishwa kunyonya, na siku za kula walipata chakula bila kikomo. Vipimo vya Carlson mwenyewe kuhusu wachanga vinaonyesha upande wa pili: katika umri mdogo zaidi tumbo hudai chakula mara kwa mara, na dai hilo lina sababu.

Nadharia yake kwamba njaa ni mikazo ya tumbo pia ilirekebishwa. Mwaka 1931 ilitangazwa huko Minnesota habari ya mgonjwa aliyeondolewa tumbo lote kwa upasuaji lakini akaendelea kuhisi njaa. Leo inafahamika kwamba ubongo hukusanya taarifa kutoka tumboni, kwenye utumbo, kwenye damu na kwenye mafuta ya mwili. Mikazo aliyoichora Carlson ni sehemu moja ya taarifa hizo.

Ualimu na maisha ya umma

Wanafunzi wa Chicago walimwita Carlson kwa jina la utani la Ajax. Alizungumza Kiingereza chenye lafudhi nzito ya Kiswidi, na alijulikana kwa kumkatiza mtu yeyote, awe mwanafunzi au profesa, kumwuliza ushahidi wa jambo analolisema uko wapi. Swali hilo likawa alama yake. Kati ya watu waliosoma chini yake ni Arno Luckhardt, aliyejulikana kwa utafiti wa gesi ya ethilini kama dawa ya usingizi, Lester Dragstedt, mpasuaji aliyetibu vidonda vya tumbo, na Nathaniel Kleitman, mtafiti wa usingizi.

Alikuwa rais wa Shirika la Wanafiziolojia la Marekani kuanzia 1923 hadi 1925, na mwaka 1944 rais wa Shirika la Marekani la Kuendeleza Sayansi. Picha yake ilitokea kwenye jalada la jarida la Time mwezi Februari 1941, jambo la nadra kwa mwanafiziolojia. Alitetea uhuru wa maprofesa kusema na kufundisha. Pia aliongoza chama kilichoanzishwa mwaka 1946 kutetea matumizi ya wanyama katika utafiti wa tiba dhidi ya makundi yaliyotaka yapigwe marufuku. Mwaka 1953 alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya mwaka ya Chama cha Wahumanisti cha Marekani.

Kifo na urithi

Baada ya kustaafu Carlson aliendelea kwenda maabara. Jaribio la mwaka 1946 lilichapishwa alipokuwa na umri wa miaka 71. Alifariki Chicago tarehe 2 Septemba 1956, akiwa na umri wa miaka 81.

Kwa miaka mingi utafiti wake wa panya ulisomwa na wataalamu wa uzee peke yao. Mwishoni mwa karne ya 20 na mwanzoni mwa karne ya 21, watu wengi walipoanza kuvutiwa na kufunga kula kwa vipindi, jina lake lilianza kutajwa tena. Mara nyingi hutajwa kama shahidi kwamba kufunga hurefusha maisha. Taarifa yake yenyewe inasema kidogo kuliko hapo: kwa panya fulani, kwa mpangilio fulani, kulikuwa na faida ya kiasi, na bahati ya kila mnyama ilikuwa na nguvu kubwa.